Nyati wa Evaresta

Dar es Salaam, 3 Mei 1994

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, sijui hali yako na ng'ombe. Kampuni yangu ya utalii imeipata ile filamu ya wanyama iliyopigwa hapo kwetu Olmotonyi mwaka 1964. Itaonyeshwa kwa wageni hotelini Arusha tarehe 28. Wanakuomba usimame ueleze jinsi yule Mzungu aliyeipiga alivyomlea ndama wa nyati kwa chupa. Baba, kubali. Bado niko kwenye majaribio, na kazi ya kukualika nimekabidhiwa mimi, ingawa mwenyewe nabaki ofisini Dar.

Binti yako,
Nashipae

Olmotonyi, 12 Mei 1994

Marahaba mwanangu,

Huku wazima, mvua imezidi tu. Chupa gani? Yule nyati aliikataa chupa siku tatu, akabaki mifupa. Ni mama yako aliyechukua ngozi ya ndama wetu aliyekufa akamvalisha. Ng'ombe aliyefiwa akailamba ile ngozi, akaachia maziwa, nyati akanyonya. Mzungu alikuja siku ya nane na kamera, akamwambia mama yako asogee pembeni asiharibu picha. Ulikuwa hujazaliwa. Siendi kusema uongo juu ya marehemu.

Baba yako,
Loserian

Dar es Salaam, 19 Mei 1994

Shikamoo Baba,

Basi usiseme lolote. Kaa tu, wakupige picha. Nakupigia magoti.

Nashipae, mwanao

Olmotonyi, 30 Mei 1994

Mwanangu,

Hujambo? Nilikwenda, na koti la kanisani nikavaa. Filamu ilipofika pale nyati anaponyonya ng'ombe nikasimama mbele ya televisheni nikasema, "Mkono huo ulioshika kamba ni wa Evaresta, mke wangu. Nyati ni wake." Bosi wako akaniambia nikae. Sikukaa. Kama nimekuharibia, nilaumu, lakini sijuti.

Baba yako

Dar es Salaam, 9 Juni 1994

Shikamoo Baba,

Nilikasirika, sikufichi. Bosi akataka niandike barua kwa wageni kwamba mzee wangu amechanganyikiwa. Nikaingia stoo kwanza, nikaitazama ile filamu kwenye kanda ya video. Baba, mama alikufa sijajua hata kutembea, na picha yake hatuna. Ule mkono nimeurudisha nyuma mara tisa. Una kucha zangu.

Barua sikuandika. Kanda za kuuza zilikuwa kumi na mbili, na kila moja nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito: NYATI WA EVARESTA. Wamenifukuza kabla ya saa sita. Kanda moja ninayo kwenye begi, sikumwomba mtu ruhusa. Jumamosi ya tarehe 18 nafika. Waite shangazi wote, waje wamwone mama.

Binti wa Evaresta,
Nashipae