Duka la Watu Thelathini na Mmoja

Mama Minza,

Ulikufa Jumapili, wiki tisa zilizopita, na kabla wiki ile haijaisha tukapoteza na duka. Naanza na hayo kwa sababu huku kila mtu anaanza na "Mungu alimpenda zaidi", na mimi nimechoka.

Wewe ulijua kuongea, mimi kuhesabu. Basi nakuhesabia. Wanachama thelathini na mmoja. Miezi kumi na minne ya kuchangishana kabla hatujanunua hata gunia la kwanza la mchele. Rafu sita, mizani moja. Kila mtu na zamu yake kaunta, na anayekwepa zamu anafagia wiki nzima. Buhongwa yote ikatucheka: "Duka la watu thelathini, bosi nani?" Ukawajibu, "Bosi ni njaa yenu, karibuni." Nilicheka mpaka nikamwaga maharage.

Lakini mwenye chumba cha duka alikataa kuandikiana mkataba wa pango na kikundi. Kikundi hakina sura, alisema, yeye anataka mtu. Ukatia sahihi wewe. Nikakwambia tuandike karatasi nyingine, ya sisi kwa sisi, kwamba umesaini kwa niaba yetu. Ukasema, "Kabula na makaratasi yako! Mimi na wewe tuandikiane?" Mimi niliyeanza na ndoo ya dagaa kichwani, nisiyemwamini mtu bila karatasi, nikaona aibu. Kwako tu.

Siku ya kumaliza matanga, ukoo wa marehemu mumeo ulikaa uani kutaja ulichoacha na nani atakitunza. Sisi wenzako tulikuwa jikoni. Shemeji yako Masanja, yule wa Kisesa, akasimama: ng'ombe wawili, cherehani, kitanda, na duka. Nilisikia vizuri sana. Nilikuwa nasonga ugali wa watu mia, na unajua kwetu mpishi wa msibani haingilii kikao cha ukoo. Nikawatazama wenzangu, wao wakatazama moto. Nikajisemea, nitamwona kesho, kwa heshima.

Kesho yake mlangoni kulikuwa na kufuli jipya. Nilipomfuata akaniuliza, "Mlikuwepo wote. Mbona hamkusema?"

Nyanya zilioza mle ndani, tukawa tunazinusa tukipita. Sasa tumerudi kununua kwa yule wa stendi, anayepima kilo pamoja na kidole gumba chake. Na Minza wako akiniona anatupa shikamoo huku anatembea, hasimami. Mtoto niliyekuwa namsuka nywele kila Jumamosi! Hilo linaniuma kuliko nyanya.

Lakini kilichonifanya niandike ni kingine. Masanja anasema ulimwambia kwa mdomo wako, pale hospitalini, kwamba duka ni la watoto wako. Siku kumi na moja nilikuletea uji. Yeye alikuja mara moja, Alhamisi mchana, nami nilikuwa nje nafua kanga zako. Nusu saa. Katika siku zote zile, hiyo nusu saa ndiyo nisiyoijua, na kila nikiihesabu inazidi kuwa ndefu.

Jumamosi tumeitwa ofisi ya mtaa. Wataniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa na wewe. Kama ulisema, nitawaambia wenzangu tuwaachie watoto, na jina lako sitalitaja vibaya popote. Nakuahidi. Kama hukusema, nitapambana na Masanja na ukoo wake mpaka mlango ule ufunguliwe. Nakuahidi na hilo.

Pumzika, dada yangu. Ila si sasa. Marehemu wengine huja ndotoni kudai pombe, au kulalamika kaburi limeota majani. Wewe njoo na neno moja tu, sitakuuliza zaidi. Ulimwambia, au hukumwambia? Kikao ni saa nne asubuhi. Nataka jibu kabla ya hapo.

Kabula