Mfuko wa Mchanga wa Koku

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri.

Nisamehe, daftari. Siku kumi na tisa sijakufungua. Penseli nilikuwa nayo. Nilichokosa ni moyo wa kuyaona mambo haya yameandikwa kwa mkono wangu.

Basi niyaandike.

Mume wangu alikuwa akiteremka kilima cha kwetu Ijumbi kwa baiskeli, gunia la kahawa amelifunga nyuma kwa kamba ya mgomba. Koku, mwanetu wa miaka mitano, akakimbia kumpokea. Baba yake akabana breki zote mbili, na gurudumu la mbele likakwama kwenye mzizi. Baiskeli ilisimama. Gunia halikusimama. Lilimsukuma yeye pembeni, likamwangukia mtoto pajani.

Tangu siku ile mume wangu ana neno moja tu: "Nilishika breki, Mama Koku. Nilishika." Najua alishika. Darasa la sita mwalimu aliweka jiwe juu ya ubao, akauvuta ubao mbio, kisha akausimamisha ghafla. Jiwe likaendelea na safari yake mpaka vidoleni mwa mwenzetu. Tulicheka sana. Kitu kikishaanza kwenda, alisema, hakina habari kwamba wewe umesimama.

Sasa tuko Bukoba, hospitali ya misheni. Mfupa wa paja umevunjika, vipande vimepandana. Mguu umefungwa kamba, kamba inapita juu ya kigurudumu cha chuma mwisho wa kitanda, na huko chini unaning'inia mfuko wa mchanga. Unavuta usiku na mchana ili vipande viachane, vikutane mahali pake. Sijawahi kumchukia mtu kama ninavyouchukia mfuko ule.

Jana dresa, msaidizi wa daktari, alikuja na utepe wake wa kupimia, akapima mguu mzima, akapima mbovu. Akapima tena.

"Wiki iliyopita ulikuwa unakwenda vizuri. Leo umerudi nyuma upana wa kidole. Nani anaugusa mfuko huu?"

Mama mkwe, aliyekuja nami kuuguza, alikuwa akimenya ndizi. Akazidi kumenya.

"Waulize wenye huruma, dresa," akasema mama wa kitanda cha jirani, chini ya picha ya Mfalme wa Uingereza. "Humu ndani huruma ni nyingi kuliko dawa."

Leo nimerudi kutoka kufua nepi za mdogo wake Koku, niliyekuja naye mgongoni, nikaona kwa macho yangu. Mama mkwe amechuchumaa mwisho wa kitanda, mfuko ameupakata kama mtoto, anaimba. Na Koku anatabasamu. Tabasamu la kwanza tangu tufike.

"Mama, urudishe."

"Waitu, mwanangu, anapumzika kidogo tu. Hata mbuzi hufunguliwa kamba jioni."

"Urudishe sasa hivi, Mama."

"Unaniamrisha mimi? Mimi niliyemzaa mumeo?"

Kwetu mkamwana hasemi hivyo. Nimesema. Nikauchukua mapajani mwake, nikauachia kwenye kamba polepole. Koku akapiga yowe. "Sikutaki wewe! Namtaka Bibi!"

Nikatoka nje nikasimama mvuani.

Nami niliuinua.

Siku ya pili, wakati Mama amekwenda kuchota maji, niliuinua kwa muda wa kusali Baba Yetu tatu. Sikumwambia dresa. Leo nimemwacha mama wa watu abebe lawama peke yake.

Dresa alipolisikia yowe alikuja, lakini hakutugombeza. Alitaka tuangalie unyayo wa Koku. Mtoto ameteleza kitandani mpaka unagusa chuma cha mwisho wa kitanda. "Mfuko unamvuta huku," akasema, "na uzito wake mwenyewe umvute kule. Vikivutana sawasawa, mfupa unanyooka. Sasa amegota. Mfuko unavuta kitanda, mtoto havutwi." Dawa yake ni kuinua kitanda upande wa miguu, lakini matofali yote ya wodi yako chini ya vitanda vya wengine. Jumatatu daktari atapima. Mfupa umeanza kushikana. Usiponyooka wiki hii, utaunga ulivyo, na Koku atachechemea maisha yake yote.

Mama mkwe anaondoka kesho na lori la asubuhi. Hasemi nami, ila amekubali kupeleka maneno nyumbani. Kabla hajapanda nitamwambia habari ya zile Baba Yetu tatu.

Ninachohitaji, kifike kabla ya Jumatatu:

Magogo mawili ya mti mkavu, kimo shubiri moja na nusu, yawe sawa kabisa, yachongwe kishimo juu pa kukalia mguu wa kitanda. Baba Koku ayakate mwenyewe, kwa msumeno, si kwa panga, na ayalete mwenyewe.

Blanketi la pili.

Chumvi, na ndizi zilizochomwa tayari. Kuni hapa ni shida.

Shuka kuukuu ya kupasua nepi.

Na Mama arudi pamoja na Baba Koku. Siwezi kufua na kuulinda mfuko kwa wakati mmoja.