Mistari ya Mvuke

Bagamoyo, Jumatano, baada ya isha

Mvuke wa maji, basi. Ile mistari ya mwanga niliyoipima miezi yote hii katika gesi ya amonia, nikadhani hakuna aliyepata kuiona, ni unyevu wa hewa ya pwani uliopenya kwenye bomba letu la kioo. Profesa aliitazama mara moja mbele ya idara nzima, akacheka.

Inauma, lakini si hiyo. Salim, mwenzangu wa maabara, alijua. Nilipomuuliza nje hakubisha. "Niliona bomba linavuja tangu mwezi uliopita, Zuhura. Sikutaka kukukatisha tamaa."

Kunikatisha tamaa. Na zamu yangu kwenye leza sasa amepewa yeye.

Jumapili alikaa barazani kwetu, akala mkate wa kumimina, akamwambia Mama, "Mwanao ameona kitu ambacho hata Wazungu hawajakiona." Nami nikainama kwa haya, mjinga mimi.

Mama hajui lolote. Tangu magharibi anachambua mchele wa pilau ya Ijumaa. Amealika mtaa mzima waje kunisomea dua ya shukrani, na wa kwanza kualikwa ni Salim.