Fundi wa Baridi Aombwa Joto

Jumatatu, 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Natumai hupandi tena ngazi za watu. Huku sote wazima, kazi tu ndiyo inatuandama.

Nakuandikia kwa sababu wewe ni fundi wa viyoyozi, na jambo hili limenishinda. Alhamisi tunampasua mtoto aliyezaliwa jana, utumbo wake umeziba, na mimi ndiye nitakayempa usingizi. Wiki iliyopita tulimpasua mwenzake, joto la mwili likashuka hadi thelathini na nne. Alikawia kuamka mpaka nikahisi roho inanitoka. Alipoingia tulizima kiyoyozi, tukamfunika, dripu tukaipasha, lakini chumba kilikuwa baridi tu. Daktari anayepasua akianza kutoka jasho huitaka rimoti akiwashe tena. Siku ile niliificha mfukoni, akanigombeza mbele ya watu. Huyu wa Alhamisi ana kilo mbili tu, Baba. Akipoa, naweza kumpoteza.

Bintiyo, kifungua mimba

*

Jumanne, 5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unajitahidi. Ngazi nimeziacha, ila majirani hawajaniacha.

Miaka thelathini na tano nimesifiwa kwa baridi, leo wa kwanza kuniomba joto ni wewe. Kosa lenu nimeliona. Mnazima kiyoyozi mtoto akishaingia. Hewa hupata joto upesi, lakini kuta na kile kitanda cha chuma vimeshiba baridi ya usiku kucha, navyo vitamnyonya mtoto. Zima alfajiri. Washa hita, funga milango. Kipimajoto kiweke pale atakapolala, si ukutani, na asiingie mpaka kisome ishirini na nane.

Na rimoti usiifiche, wewe si mtoto. Mwambie daktari mapema kwamba leo atatoka jasho ili mgonjwa asipoe. Akinuna, anune. Nakuamini.

Baba yako

*

Ijumaa, 8 Machi

Baba,

Shikamoo. Jana sikuandika, nililala kama gogo.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshazima. Wasafishaji walinicheka. Saa mbili kipimajoto kilisoma ishirini na tatu, nikasema mtoto haingii. Daktari aliangalia saa yake mara tatu. Nikamweleza kama ulivyosema. Akanitazama, kisha akasema, "Basi niletee taulo."

Tulianza saa tatu na nusu, kiliposoma ishirini na nane. Mtoto tulimzungushia pamba kichwani na miguuni, na joto lake halikushuka chini ya thelathini na sita na nusu. Daktari alifutwa jasho mpaka mwisho, na rimoti hakuiulizia.

Mama wa mtoto alipotuona tunamtoa mwanawe, sisi tumelowa jasho chapachapa, alishika ukuta. Akauliza kimetokea nini humo ndani.

"Hakuna, mama," nikamwambia. "Tulikuwa tunamtunzia joto."

Akapenyeza mkono kwenye pamba, akamshika mtoto unyayo. Akasema ni wa moto, akaketi sakafuni akilia. Nami nikaketi naye, Baba, nikalia pia.

Bintiyo