Ngozi Chini ya Springi

Willow Draw, Arizona
Machi 9

Mdogo wangu mpendwa Royce,

Nakusalimu wewe na mkeo Darlene, nikitumaini kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha mkono wa kulia, ambacho baridi yabisi imekishika na haitaki kukiachia. Mvua bado haijanyesha.

Barua yako niliipata. Ulisema mambo mawili: kwamba niache mashindano ya bastola kwa kuwa umri umekwenda, na kwamba nikuletee bastola ya Baba uiweke katika kabati la kioo, vilevile alivyoiacha. Nitayajibu yote mawili.

La kwanza. Unajua kwamba klabuni kwetu tunavaa kama mababu zetu na kutumia bastola za mtindo wao, zile ambazo kabla ya kila risasi lazima uvute nyundo kwa kidole gumba. Vuli iliyopita gumba langu lilishindwa. Nikavuta kwa mikono miwili, na mdomo wa bastola ukayumba. Dub Hanley, msimamizi wa mstari wa kulengea shabaha, akatangaza mbele ya wote kwamba nikishindwa tena katika mashindano ya Machi, ataniondoa mstarini nikagawe kahawa. Kuhusu usalama hakukosea. Kuhusu kahawa alikosea.

Basi nikaifungua bastola juu ya meza ya jikoni. Nyundo ilikuwa ikisugua ukuta wa ndani. Nikaulainisha kwa jiwe la kunolea na mafuta, kidogo kidogo. Meno yanayoishika nyundo sikuyagusa, kwa maana ukiyaharibu, bastola inaweza kujifyatua yenyewe. Kisha nikaipunguza springi unene. Chini yake nilikuta kipande cha ngozi, kimeingiwa na mafuta hadi kuwa cheusi. Nikakiacha mahali pake, kwa heshima ya aliyekiweka. Nyundo ikawa inavutika kama droo iliyopakwa nta.

Siku ya mazoezi nilisimama mstarini, nikavuta, nikafyatua. Nyundo ikagonga, risasi isiwake. Ya pili vilevile. Dub, ambaye huniita Bibi Nukta kama wote klabuni kwa sababu nilifundisha sarufi, akainama sikioni pangu.

“Bibi Nukta, hiyo bastola imestaafu kabla yako.”

Wakacheka. Mkewe akataka kujua kama nitaweza kubeba birika lililojaa.

Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira hunisaidia kufikiri. Ngozi ile iliwekwa ili kuilegeza springi. Mimi nami nilikuwa nimeilegeza. Watu wawili tumefanya kazi ya mmoja, na nyundo ikakosa nguvu ya kuiwasha risasi. Nikaitoa ngozi.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya mashindano. Dub alisimama nyuma ya bega langu, mkono tayari kunizuia. Nikavuta kwa gumba hili hili bovu, na sahani za chuma tunazozilenga zikalia zote, moja ikiidaka sauti ya nyingine. Dub akakohoa.

“Nani kakutengenezea?”

“Mimi, na mwingine aliyenitangulia. Sasa kaniletee kahawa, Dub. Usitie maziwa.”

Akaenda.

La pili, Royce, kaa kitini ulisome. Bastola hiyo ndiyo ya Baba. Yangu nimeiacha sandukuni, kwa kuwa mpini wake ni mnene kwa mkono wangu wa sasa. Unadhani Baba hakubadilisha kitu ndani yake. Nilipoifuta ngozi ile, niliona ukingoni alama ya maua yaliyogongwa, na maua hayo nawe unayajua: ni ya mshipi aliouvaa mgodini. Kumbuka gumba lake lililopondwa na kigari cha kubebea mawe ya shaba. Hakumlalamikia mtu. Alikata mshipi wake, akailegeza springi, akaendelea kupiga shabaha kila maonyesho ya kaunti, na sisi watoto tukadhani amepona.

Kwa hiyo sitaileta. Nitaitumia mpaka gumba likatae kabisa, na siku hiyo nitaanza kujifunza mkono wa kushoto. Usimtume mwanao kunibembeleza.

Ndani ya bahasha nimekutilia ile ngozi. Kabati lako la kioo linaitosha.

Mfikishie Darlene salamu zangu, na umshukuru kwa pichi alizozihifadhi chupani, nimezila zote.

Mimi dada yako,
Verna