Mzee Alivyowaomba Watoto Msamaha

Lenah, uko? Sijui hata nianzie wapi.

Bwanangu Eliakim karibu aue mtoto leo, hapo sokoni Kamukuywa.

Tulikuwa tunampeleka babake kliniki Kitale. Mzee alimwambia mara mbili, "Punguza mwendo, kijana yangu." Yeye akacheka tu. "Baba, hii barabara naijua."

Kumbe watoto wa shule walikuwa wanavuka. Alifunga breki, gari likateleza, likasimama hatua moja kutoka kwa msichana mdogo. Hatua moja, Lenah! Mtoto hata hakulia, alitutazama tu.

Eliakim alishindwa kufungua mlango. Aliyeshuka ni mzee, na fimbo yake. Akavua kofia mbele ya wale watoto. "Mnisamehe. Huyu ni mtoto wangu, mimi ndiye nilimlea."

Ati mimi ndiye nilimlea! Mzee wa miaka themanini, soko zima likiangalia.

Eliakim alinipa ufunguo. Nikaendesha mimi, pole pole, mpaka Kitale.

Sasa mzee anangoja daktari. Bwanangu amebaki kwa gari, amefunika uso. Nimemwambia aingie ndani, akaniuliza, "Nikakae wapi, Phelista? Kando yake?"