Inaganda Sitini na Nne

Jumatatu, 9 Machi

Imeganda tena. Mstari wa kijani unatambaa kama konokono, unafika sitini na nne kwa mia, unasimama hapo kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Kimshale hakisogei. Bonyeza, haisikii. Ibembeleze, haisikii. Mara ya tatu tangu Jumamosi.

Mkwe, mke wa mwanangu, ndiye aliyeianzisha asubuhi, programu ya ofisi inayotaka kumpa kazi. Akaniambia, mama, itachukua kama saa tatu, tafadhali usiguse kitu. Akaenda kusimama kwenye duka aliloajiriwa. Usiguse! Kwani mimi mtoto? Sijagusa. Nimefagia, nimefunika sanduku la kompyuta na kitambaa chake vumbi lisiingie, nikakaa zangu mbali kwenye kiti cha mlangoni. Imeganda yenyewe.

Jioni karudi, miguu imevimba mpaka viatu vimeacha mistari. Mimba ya miezi saba, na kusimama kaunta kutwa nzima! Hiyo ofisi imemkubali awe anachapa barua zao hapa nyumbani, amekaa, miguu juu ya kigoda. Sharti moja: programu yao iwe imeingia na inafanya kazi Ijumaa, saa sita mchana. Isipoingia wanachukua mtu mwingine.

Ameitazama skrini, akaizima, akaenda kuoga. Heri angetukana. Watu wasiosema wananichosha.

Jumanne, 10 Machi

Fundi kaja jioni. Tunamwita Subiri, maana ndilo neno alilonalo. Nimetoa kitambaa changu kwanza, mikono yake ile siiamini. Kafungua sanduku ubavuni, kapuliza, kachomoa, kachomeka. Namuuliza inaumwa nini? Subiri, bibi. Nikamwambia nimeanza kusubiri kabla mama yako hajavunja ungo. Mkwe akacheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Anasema programu haijasakinika. Ndiyo nini? Kusakinisha, anasema, ni kuifanya ikae humo ndani, iwe mkazi. Aa. Kumbe kama mke anayeletwa nyumba ya watu. Nikasema labda haijaipenda nyumba. Akasema labda nyumba imejaa. Akafuta makorokoro, nafasi ikapatikana, wakaianzisha upya. Arobaini. Hamsini na tano. Hapo simu ikamwita kwa mteja mwingine, akafunga sanduku, akaondoka. Nikafunika.

Sitini na nne.

Nimempigia nikamwambia huo ufundi aurudishe alikoununua.

Jumatano, 11 Machi

Subiri kaichukua asubuhi kwenda nayo kibandani kwake. Jioni kairudisha anajidai: kwake ameingiza programu tatu nzito, haikuganda hata moja. Ya ofisi ndiyo hawezi, inaomba namba inayoingia kwenye simu ya mkwe. Nikamwambia muongo. Kwako mzima, kwangu mgonjwa, nyumba yangu ina nini? Akakuna kichwa. Mkwe ndiyo anaingia kutoka kazini. Subiri akamwambia, nahisi ni joto, isibanwe, ipate hewa. Mkwe akatazama kitambaa mkononi mwangu. Akanitazama mimi. Akainamisha uso. Sawa fundi, nitaangalia.

Aangalie nini? Hewa ipo tele. Madirisha mawili, yote wazi.

Kitambaa hicho nimekifuma miezi miwili, waridi kumi na mbili, kompyuta yake ilipoingia humu ndani. Kwa macho haya haya. Mwanzoni alikuwa anakitoa, anakikunja, anakiweka kitini. Nikakirudisha. Akakitoa. Nikakirudisha. Siku moja nikamwambia mbele ya mume wake: kitambaa changu kikitoka juu ya hilo sanduku, na mimi natoka nyumba hii. Tangu siku hiyo hakigusi. Adabu ilimwingia.

Alhamisi, 12 Machi

Sitini na nne. Hata basi likiandikwa namba hiyo sipandi tena.

Mwanangu kapiga simu kutoka huko mbali anakofanya kazi. Mama, umeigusa? Nimemkatia.

Ijumaa, 13 Machi

Saa tatu mkwe kaianzisha kwa mara ya mwisho. Atarudi kabla ya saa sita kuiona. Safari hii hakusema usiguse. Amekata tamaa huyu — mwenye matumaini angenikataza.

Nikafunika, nikafagia. Halafu nikakumbuka leo siku ya kufua, nikakitoa kitambaa. Cha moto! Nikakigeuza. Waridi mbili za upande wa nyuma zimeiva rangi ya chai. Nikanusa.

Miaka thelathini na moja nimepiga pasi mashuka ya hoteli. Maandishi ya skrini yananishinda, lakini harufu ya pamba inayoanza kuungua naijua hata usingizini. Hii ni pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nikaweka kiganja nyuma ya sanduku, kwenye vile vitundu. Pumzi ya moto, kama mgonjwa wa homa aliyefunikwa blanketi tatu. Na aliyemfunika —

Basi.

Kwa Subiri ilikaa uchi. Subiri akiwa hapa, uchi. Akigeuka, nafunika.

Na mkwe alijua. Juzi aliponitazama alishajua. Akafunga mdomo. Yuko tayari kazi iende zake, arudi kusimama na miguu ile, kuliko kunitolea kitambaa, kwa sababu nilisema nitatoka. Nitoke niende wapi? Mjinga yule. Angekitoa tu! Ningenuna siku mbili, ya tatu ningekula. Nani kamwambia mimi ni wa kuogopwa?

Nani kamwambia, naye namjua. Sitaki kumwandika.

Mstari ulikuwa thelathini na nane. Nimelisogeza sanduku mbali na ukuta. Nimefungua ubavu kama nilivyomwona Subiri, kwa bisibisi ya cherehani. Nimekaa nalo chini, napepea na kifuniko cha boksi la viatu. Mkono mmoja unapepea, mwingine unaandika, ndiyo maana herufi zimelala.

Hamsini na tisa.

Sitini na tatu. Naihimiza kama mkunga: sukuma, sukuma!

Sitini na nne. Imekaa. Bado imekaa. Napepea kwa mikono miwili.

Sitini na tano.

Saa tano na dakika arobaini: themanini na sita. Feni ya humo ndani imeacha kuhema. Kitambaa kiko mapajani kwangu, waridi zilizoungua juu. Akiingia ataona sanduku uchi, ataniuliza. Nitamwambia ni siku ya kufua. Na si uongo, ni siku ya kufua.

Au nimwambie lile lingine. Nimejaribu kulisema kwa sauti, peke yangu, nipime linavyokaa mdomoni. "Mwanangu, ni mimi." Maneno matatu tu. Nafika kwenye "ni", naganda.

Themanini na tisa. Geti hilo. Anavua viatu nje, nasikia. Kimoja. Cha pili kinamsumbua, mguu umevimba.

Anaita. "Mama?"

Naweka kalamu chini. Kitambaa bado kiko mapajani.